Peugeot ya Marehemu Baba Katika Milima ya Kisii



Mwezi uliopita tulifunga safari kutoka Mombasa hadi Kisii, mwendo wa karibu kilomita 800, mimi, mume wangu na mama yangu mzazi, ndani ya gari ambalo ndugu zangu walikuwa wamekwisha kulihukumu kuwa ni chuma chakavu. Ni Peugeot 504 ya marehemu baba, ile ndefu ya kubebea jamaa, yenye viti vya safu tatu. Kwa miaka miwili ilikuwa ikidondosha oili uani kwetu, na mafundi wawili waliitazama wakatwambia neno moja: sili ya nyuma ya krenki imekwisha, sharti gia boksi ishushwe, na gharama yake itapita thamani ya gari lenyewe. Kaka yangu mkubwa akasema liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma, na fedha zigawanywe kwa warithi kila mtu kwa fungu lake. Hakuna aliyekuwa na hoja ya kumpinga.

Mama peke yake aliomba jambo moja. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ameolewa Kisii katika jamaa ya Wanubi, wale ambao babu zao walitoka Sudan wakiwa askari wa jeshi la kikoloni na wakafanya maskani katika miji mingi ya bara. Siku ya harusi baba alimwahidi kwamba atakwenda kumtazama nyumbani kwake kwa gari lake mwenyewe. Maradhi yakamtangulia. "Nipelekeni kwa gari la baba yenu," alisema mama, "kisha liuzeni mtakavyo."

Huenda vijana wetu hawajui kwamba gari hili ni mzawa wa Pwani. Aina ya 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, lakini kwa miaka mingi iliunganishwa papa hapa Mombasa, na wazee wanalikumbuka jina lake katika mashindano ya Safari Rally: Ove Andersson alishinda nalo mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Wanazikumbuka pia zile ndefu zilizobeba abiria wa masafa ya mbali, mzigo juu ya paa na watu wamebanana ndani. Baba aliendesha moja ya hizo kabla ya kununua yake. Alikuwa akisema kwamba gari hili halichoki, huchoka dereva.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri tukiwa na dumu la lita 5 za oili nyuma ya kiti. Mtito Andei tulifungua boneti tukachomoa kijiti cha kupimia, oili imeshuka. Nairobi imeshuka tena. Tukalala huko kwa jamaa, na asubuhi tukateremka Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu, tukapita Narok na Bomet. Kila tuliposimama, mume wangu alipiga magoti kutazama chini ya gari, na kila mara alilikuta tone jeusi likining'inia palepale, mahali injini inapokutana na gia boksi. Nami nilimwona mama akimtazama bila kusema neno.

Baada ya Sotik nchi hubadilika. Ukivuka Chebilat umeingia Nyamira, na kuanzia hapo macho hayapati uwanda. Ni kilima juu ya kilima, mashamba ya chai yamekatwa sawasawa kama zulia, migomba imezunguka nyumba, na udongo ni mwekundu na mzito. Hakuna kipande kilichoachwa bure. Hata kwenye mteremko ambao mbuzi angesita, utaona mahindi. Keroka, mji uliokalia mpaka wa Nyamira na Kisii, ulitupokea kwa mvua ya alasiri, ambayo wenyeji huitarajia kama sisi tunavyoutarajia upepo wa bahari. Mama alijifunga mtandio wa pili. Mji wa Kisii, ambao wenyeji huuita pia Getembe, uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Mombasa hulijua hilo kwa meno yake kabla ya kuambiwa.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alipoliona gari likipinda kuingia uani hakumkimbilia mama. Aliweka kwanza mkono juu ya boneti, ndipo akalia. Siongezi neno hapo.

Asubuhi ya pili, uani kwa wakwe zetu, palikuwa na doa la oili lenye ukubwa wa sinia. Niliona haya. Mkwe wetu mwanamume, mtu wa maneno machache, alileta majivu akayamwaga juu yake, kisha akasema yuko mzee mmoja katika gereji za jua kali ambaye aliwahi kuzitengeneza Peugeot za abiria enzi zile. Tukaenda.

Mzee yule hakuinama chini ya gari. Baada ya "Bwakire" na salamu zote za adabu, aliuliza swali ambalo hatukuwa tumeulizwa na mtu: "Gari hili hutembea vipi huko kwenu?" Mume wangu akamweleza kwamba tangu baba afariki, mpwa wetu huliwasha mara mbili kwa wiki, humpeleka mama darasani, mwendo usiofika kilomita mbili, akalirudisha. Mzee akatikisa kichwa kana kwamba amekwisha kujibiwa.

Kisha akaanza kazi, na ninaieleza hatua kwa hatua kwa sababu inaweza kumfaa yeyote mwenye gari kuukuu. Kwanza alipangusa tone kwa kidole na kulinusa. Oili ya injini huwa nyeusi na hunuka moshi. Ya gia boksi ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Hii ilikuwa ya injini. Pili, injini ikiwa baridi, alifunika kabureta na distribyuta kwa mifuko ya plastiki, akaisugua injini nzima kwa brashi na mafuta ya taa, akaipangusa na kuiacha ikauke kabisa. Alisema injini chafu haiwezi kutoa ushahidi, kwani kila mahali pana oili na huwezi kujua ya leo na ya jana.

Tatu, alileta mfuko wa unga mweupe, laini kama poda. Ulikuwa unga wa jiwe la sabuni kutoka Tabaka, kusini-magharibi ya mji, ambako mafundi huchonga vile visahani na sanamu ndogo tunazoziona zikiuzwa kwa watalii Mombasa. Jiwe hilo ni laini, hukatwa kwa msumeno na kusuguliwa kwa msasa, na vumbi lake halina bei. Alijifunga kitambaa puani, kwa kuwa vumbi la mawe si zuri kwa kifua, akainyunyizia injini mpaka ikawa nyeupe kama maiti aliyekafiniwa. Akasema wasio na unga huo watumie poda ya watoto.

"Sasa nendeni Nyamira mrudi," akasema. "Msikimbie. Vilima vitafanya kazi yake."

Basi safari yangu ya kuiona Nyamira ilikuwa dawa ya gari. Tulikwenda na mama na mdogo wangu nyuma, wakila ndizi. Barabara hupanda na kushuka bila kupumzika. Kando yake tuliwaona wanawake wamebeba vikapu vya majani mabichi ya chai kuelekea vituo vya kununulia, na wanafunzi wenye sweta nzito katikati ya mchana. Palipokuwa na uwazi tuliiona safu ya Manga, ukuta wa jabali uliosimama kati ya pande hizi mbili. Mama aliuliza jina la kila kijito. Ndiyo siku niliyomsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu eda.

Tuliporudi, mzee alifungua boneti na kutuita sote, wanawake tukiambiwa tushike ncha za mabuibui yetu mbali na feni. Oili mpya ilikuwa imechora mstari mweusi juu ya unga, wazi kama wino kwenye karatasi. Haukuanzia chini. Ulianzia juu kabisa, kwenye kona ya nyuma ya mfuniko wa tapeti, ukateremka mgongoni mwa injini, ukapita palepale inapoungana na gia boksi, na huko chini ndiko tone lilikokuwa likining'inia. Sili iliyolaumiwa miaka miwili ilikuwa nzima. Oili hufuata mteremko, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Kwa hiyo mahali inapodondokea si mahali inapotoka. Atafutaye avujapo na aanze juu na mbele.

Nikadhani kazi imekwisha, ibadilishwe gasketi ya mfuniko twende zetu. Mzee akasema gasketi hiyo ilikwisha kubadilishwa, tena kwa gundi nyingi na nati zilizokazwa hadi gasketi yenyewe ikapasuka. Swali ni nini kinachoisukuma oili nje. Aliwasha injini, akaondoa kifuniko cha kutilia oili, akafunika tundu kwa mfuko wa plastiki. Mfuko ukatuna kama pulizo.

Akaeleza. Petroli inapoungua, sehemu ya gesi hupenya kando ya pistoni na kushuka kwenye oili. Gesi hiyo, pamoja na mvuke wa maji, sharti ipate pa kutokea, na imewekewa mpira wa kupumulia unaoirudisha kwenye kichujio cha hewa. Injini ikipata moto wa kutosha, mvuke hukauka na kutoka. Ikiwashwa kwa mwendo wa kilomita mbili tu na kuzimwa, mvuke hugeuka maji, huchanganyika na oili na kuwa tope lenye rangi ya chai ya maziwa. Aliuchomoa ule mpira akaupuliza, pumzi haikupita. Ulikuwa umejaa tope hilo. Gesi ikikosa njia yake, hutafuta nyingine, na hutoka na oili popote penye udhaifu.

Methali yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tumeziba ufa, lakini wa ukuta mwingine.

Aliusafisha mpira kwa petroli, akakwangua gundi yote, akakata gasketi mpya, akazikaza nati kidogo kidogo kwa zamu, na kumwaga ile oili chafu akatia mpya, lita 4. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na malipo yake yalikuwa madogo kuliko petroli ya kufika Narok. Mama alimpa halua aliyokuwa amewachukulia watu wengine. Mzee akamwambia, "Mama, gari hili halikuugua kwa safari. Limeugua kwa kukaa." Mama hakujibu, lakini njiani aliirudia kauli hiyo mara mbili, na sidhani alikuwa akilifikiria gari peke yake.

Usiku ule nilimpigia kaka simu. Nilimweleza habari ya sili, ya mpira na ya gharama, nikamwambia pia lile lililokuwa zito kwangu: kwamba tungeliuza kwa bei ya chuma, tungekuwa tumepunguza haki ya kila mrithi, ya mama kwanza, kwa sababu ya kosa la macho. Na kama bado twaliuza, basi mnunuzi aambiwe kasoro zake zote, na sisi tujue thamani yake ya kweli. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Mama yu aje?" Nikamwambia amekwenda Nyamira, amekula ndizi, amecheka. Akasema, "Basi rudini nalo. Likishapumzika, tutazungumza. Na mwambieni yule mtoto aache kumpeleka mama darasani tu. Ijumaa ampeleke Malindi."

Kabla ya kulala, mume wangu alitandika kipande cha boksi chini ya injini. Alfajiri, baada ya sala, nilitoka na taa katika baridi ile ya Kisii, nikainama. Palikuwa na tone moja, dogo kama punje ya mtama. Nikamwita mama aje alione.