"Nenda Kule" Si Amri

Ndugu zangu wa kalamu, neno roboti tulipewa na mwandishi wa tamthilia. Karel Čapek wa Chekoslovakia alilitumia mwaka 1920 katika mchezo wake R.U.R., baada ya kudokezwa na kaka yake, Josef. Limetoka katika robota, neno la Kicheki la kazi ya shuruti. Wazee wetu wangesema shokoa. Kwa hiyo nilipoitwa kusaidia kwenye klabu ya roboti, mimi mtu wa hadithi sikujiona mgeni sana.

Aliyeniita ni jirani yetu, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya kata hapa Dodoma. Boksi la vifaa alikuwa nalo, kompyuta hana. Mimi ninayo kompyuta mpakato kuukuu, niliyoinunua kwa vibarua vya kuchuma zabibu, na humo ndimo ilimo riwaya yangu, sura sita. Mjomba ananiambia kila siku niiuze nikasomee udereva, maana riwaya hailipi kodi ya chumba. Jumamosi ile niliifuta vumbi, nikaenda nayo.

Ndani ya boksi mlikuwa na kigari, mota mbili, nyaya na kibao cha micro:bit, kidogo kuliko kiganja. Mwaka 2016 vibao kama hivyo viligawiwa bure kwa wanafunzi karibu milioni moja huko Uingereza. Kina vitaa 25 na vitufe viwili. Unaandika amri kwenye kompyuta, unazihamisha kwa waya wa USB, unachomoa, kigari kinatembea kwa betri zake. Mbele kina kama macho mawili, ila hasa ni mdomo na sikio: moja linatoa sauti tusiyoisikia, jingine linasubiri mwangwi, kama popo. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, hivyo muda wa kwenda na kurudi ukijulikana, umbali unajulikana.

Rahisi, sivyo? Noma ilikuwa lugha. Wanafunzi arobaini, kompyuta moja, na maneno ya kwenye kioo yote Kiingereza. Mwalimu akasema waanze wenye Kiingereza kizuri. Wengine wakasogea dirishani, kati yao binti mmoja wa kidato cha kwanza, kwao upande wa Chamwino, ambaye tangu Januari alikuwa hajafungua mdomo darasani. Unamjua huyu. Kila shule inaye: darasa la saba kafaulu kwa Kiswahili, kafika sekondari kageuka bubu.

Nikamwomba mwalimu tufunge boksi kwanza, tucheze. Kijana mmoja tukamfunga kitambaa machoni awe roboti, wenzake wampeleke mlangoni.

"Nenda kule!" Roboti kimya.

"Hapo, bwana, pita hapo!" Roboti kimya. Mwingine akaelekeza kwa midomo, darasa likaangua kicheko. Ndipo sauti ndogo ikatoka dirishani:

"Hatua tatu mbele. Simama. Geuka kulia. Ikiwa mkono umegusa dawati, rudi hatua moja. La sivyo, endelea."

Roboti ikafika mlangoni.

Mwalimu akachukua chaki, akayaandika maneno ya binti ubaoni kama yalivyo, na pembeni ya kila moja akaweka la Kiingereza. Halafu akamkabidhi kompyuta. Binti akapanga kigari kisimame na kugeuka kikibakiza sentimita 5. Kikagonga mguu wa meza. Akakitazama, akasema taratibu, "Kikiambiwa simama bado kina mwendo." Akaandika 20. Kikageuka.

Sisemi Kiingereza kikwepwe. Amri zenyewe mwishowe ziliingizwa kwa hicho hicho. Nasema kufikiri kulitangulia, na kulitangulia kwa Kiswahili. Mtoto akipewa mashine kabla ya lugha ya kuiamuru, atabaki kubonyeza pale alipoambiwa abonyeze, na hapo shokoa imehama tu kutoka kwa mashine kuja kwa mtu. Na kutafuta maneno hayo, yasiyo na "kule" wala "hapo", ni kazi yetu tunaojiita waandishi.

Kompyuta sijaiuza. Jumamosi ni ya klabu, siku nyingine ni za sura ya saba. Mjomba nimemwambia udereva nimeshaanza. Sikumtajia aina ya gari.