Mlima wa Manga na Maji Yaendayo Ziwani

Katika nchi ya Wagusii, mpakani pa Kisii na Nyamira, upo mlima mrefu wenye genge kali uitwao Manga. Karani akaaye mjini Kisii huuona kila siku, na safari ya kuupanda haimgharimu zaidi ya miguu yake miwili na asubuhi moja.

Njia hupita kwanza mashambani. Pana migomba, mahindi, na michai iliyokatwa vichwa sawasawa kama zulia. Nyumba zimekaribiana, kwa kuwa watu ni wengi na ardhi ni haba. Kisha mashamba hupungua, kivuli cha miti huanza, na kelele za barabarani hufifia. Mwishowe msafiri hutokea juu ya mwamba, penye upepo mwingi na kimya kikubwa.

Hapo, siku ya anga safi, jicho hufika mbali. Chini liko bonde pamoja na mabati ya mji yang'aayo juani. Ng'ambo ni nyanda za Kano. Na mwisho kabisa huonekana mstari mweupe uliotulia. Huo ni ukingo wa Ziwa Victoria, mahali paitwapo Ghuba ya Winam. Wazee husimulia kwamba babu zao walikaa pande za Kisumu na Kano, wakahamia Kabianga, ambako baridi iliwaharibia mazao, ndipo wakaja vilimani. Basi Mgusii asimamaye Manga huitazama njia waliyoijia wazee wake.

Lakini yafaa atazame na chini ya miguu yake. Katika mabonde haya na ya vilima jirani zimo chemchemi nyingi, na mto Gucha, ambao huanzia katika vilima vya Nyamira, huishia katika ziwa lile lile. Kando ya vijito hivyo sasa imesimama mikaratusi, safu kwa safu. Mti huu uliotoka Australia hukua upesi. Hutoa kuni za viwanda vya chai, nguzo na mbao, na mara nyingi ndio ulipao karo ya mtoto. Kwa hiyo aupandaye si mjinga. Walakini hunywa maji mengi mno, na ukipandwa bondeni, chemchemi hupungua, na mama aliyekuwa akichota maji karibu na nyumba yake hulazimika kwenda mbali.

Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe penye vyanzo vya maji. Wengi walinung'unika, nao walikuwa na sababu, kwani kukata mti ni kukata mapato. Hata hivyo pana njia ya katikati. Mkaratusi na upandwe mlimani, mahali pakavu, mbali na kijito. Kando ya maji pabaki mikuyu na miti mingine ya asili, au mianzi, ambayo nayo huuzwa.

Jua likipanda, ukungu hufunika ziwa na msafiri hushuka. Akifika bondeni, na ainame penye chemchemi anywe. Akiyakuta maji, na amshukuru jirani aliyeyatunza. Akikuta tope tupu, na akumbuke kwamba mto hauanzii ziwani, bali huanzia shambani mwa mtu.