Pipi "Bila Sukari" Haikuniokoa: Geuza Pakiti Usome Nyuma

Ndugu mkulima, ndugu mwenye duka, leo naweka mbolea pembeni nikusimulie kosa langu mwenyewe, ili wewe usilirudie.

Mwaka juzi niligundulika kuwa na kisukari. Nikapewa vidonge vya glibenklamidi, ambavyo huilazimisha kongosho kutoa insulini zaidi. Kwa akili yangu, bila kumwambia daktari, nikapunguza wanga kwa kasi: ugali kidogo, wali na viazi nikaacha, nikabaki na mboga za majani, mayai na dagaa. Kwenye chai nikatia utamu bandia, na mfukoni sikukosa pipi zilizoandikwa "bila sukari". Nilijiona mjanja.

Siku moja nilimeza dawa asubuhi, nikanywa chai kavu, nikaenda shamba darasa. Saa tano hivi, tukikagua viwavijeshi kwenye mahindi, jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, maneno yakaanza kunipotea. Nikajua sukari imeshuka. Nikatia pipi mdomoni: moja, mbili, tatu. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Mama mwenye shamba akaniuliza, "Bwana shamba, mbona umebadilika hivyo, mwanangu?" Nikamwonyesha pipi. Hakuijali. Akamwita mjukuu wake, "Lete maji na sukari, upesi!" Nilikunywa, na baada ya robo saa hivi nikaanza kurudi katika hali yangu. Zahanati muuguzi aliniambia, "Pipi hiyo inaudanganya ulimi tu. Mwili ulikuwa unaomba sukari, wewe unaupa maneno." Baadaye daktari alinipunguzia dawa.

Mganga hajigangi. Miaka yote nawafundisha kusoma kibandiko cha kiuatilifu, kumbe pakiti ya pipi sikuwahi kuigeuza nyuma. Nilipoanza kusoma, nilijifunza haya:

1. Utamu bandia. Hapa kuna sakarini, aspatemu na sukralozi. Sukralozi ni tamu karibu mara 600 kuliko sukari, hivyo chembe ndogo inatosha, na yenyewe haipandishi sukari ya damu. Lakini ule unga wa kwenye vipakiti mara nyingi umeongezwa glukosi au maltodekstrini ili uonekane mwingi. Huo ni wanga. Kipakiti kimoja si neno. Vikiwa kumi kwa siku, vihesabu.

2. Alkoholi za sukari. Usiogope jina, si pombe wala hazileweshi. Kwenye pakiti zitafute kwa namba: sorbitoli E420, maltitoli E965, zailitoli E967, erithritoli E968. Hazifanani. Erithritoli haipandishi sukari kwa kiasi cha kuonekana. Maltitoli hupandisha, ingawa chini ya sukari ya kawaida, na ina karibu nusu ya nguvu yake. Ukila sorbitoli au maltitoli nyingi, tumbo litajaa gesi na utaharisha.

3. Biskuti "bila sukari" bado ni unga wa ngano, na unga wa ngano ni wanga. Anayepunguza wanga asidanganywe na maandishi makubwa ya mbele. Atazame jumla ya wanga nyuma.

4. Kama huna kisukari na unatafuta kupunguza mwili tu, Shirika la Afya Duniani mwezi Mei 2023 lilishauri watu wasitegemee utamu bandia kwa kazi hiyo. Ushauri huo haukuwahusu wenye kisukari tayari, wala haukugusa alkoholi za sukari. Mimi sasa nimezoea chai isiyo na utamu wowote. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu, kisha ulimi ukakubali.

5. Mbwa wako. Zailitoli ni sumu kwa mbwa. Hata kiasi kidogo huishusha sukari yake ghafla na kinaweza kuharibu ini. Pipi na bazoka za aina hii ziweke mbali naye.

Sasa la muhimu kuliko yote. Kama unatumia insulini au vidonge kama vyangu, usipunguze wanga kabla ya kuzungumza na daktari, kwa sababu huenda dawa nayo ikahitaji kupunguzwa. Na usitoke nyumbani bila sukari halisi. Ukiona jasho, kutetemeka au kuchanganyikiwa, kunywa maji yenye vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15. Usipopata nafuu, rudia. Ukipata nafuu, kula chakula. Mtu akipoteza fahamu, msimtie kitu chochote mdomoni. Mkimbizeni kituo cha afya.

Ndugu mwenye duka, bidhaa hizi uza, si haramu. Ila usimwambie mteja mwenye kisukari "kula utakavyo". Mwonyeshe nyuma ya pakiti, na umkumbushe kubeba glukosi au sukari kidogo. Mteja aliye hai atarudi kesho.

Mimi sasa mfukoni nina kifuko kidogo cha sukari, pale pale zilipokuwa zile pipi. Wewe una nini mfukoni mwako?