Saa Moja Kati ya Kinshasa na Kindu

Mama mmoja wa parokia yetu hapa Kindu alikuwa mgonjwa sana, nasi tulikwenda kumtazama. Alituuliza neno moja tu: "Mwalimu, mtoto wangu atafika saa ngapi?" Bintiye alikuwa Kinshasa. Alikuwa amepiga simu kwamba ndege yake itaondoka saa tatu asubuhi, ije moja kwa moja. Twajua kwamba safari hiyo huchukua muda wa saa mbili hivi. Basi tatu na mbili ni tano. Tukamjibu kwa sauti ya watu waliosoma: "Mama, saa tano atakuwa uwanjani."

Saa tano ikafika, hatukusikia ngurumo. Saa tano na nusu, kimya. Watu wa nyumbani wakaanza kunong'onezana habari za ndege zilizoanguka msituni, na shangazi mmoja akajifunga kikwembe kiunoni kama mtu wa matanga. Mgonjwa akageuza uso ukutani, akalia. "Mwalimu, umenidanganya," akasema. Saa sita kamili ndege ikanguruma juu ya Lualaba.

Kumbe ndege haikuchelewa hata kidogo. Tuliokosa ni sisi. Nchi yetu ni pana hata ina saa za namna mbili, na saa ya mashariki huitangulia ile ya Kinshasa kwa saa moja nzima. Huko ikiwa saa tano, kwetu ni saa sita. Ajaye Kindu huipoteza saa hiyo; aendaye Kinshasa huirudishiwa, yaani akiondoka hapa saa tatu atashuka N'djili saa nne tu, ingawa amekaa angani muda ule ule.

Baadaye tulitwaa ramani. Kindu iko karibu na digrii 26 za mashariki, Kinshasa karibu na 15 na nusu. Tofauti ni digrii 10 na nusu, na huku karibu na ikweta kila digrii ni kama kilomita 111. Ukikumbuka tena kwamba Kinshasa iko kusini kidogo kuliko sisi, utapata kilomita 1,170 hivi. Jua hupita digrii 15 kwa saa moja; kwa hiyo jua la Kinshasa hukawia nyuma ya letu dakika 42 tu. Lakini sheria imeona vema kukata saa nzima, nasi hatuna la kubisha.

Anayefuata maji husafiri mbali zaidi. Toka Kindu hata Ubundu ni kilomita 300 na kitu. Hapo maporomoko humzuia, na kwa sababu hiyo ilijengwa reli ya kilomita 125 mpaka Kisangani, ikamalizika mwaka 1906. Kisha mto hupanda kaskazini ya ikweta na kurudi kusini, zaidi ya kilomita 1,700 hata Kinshasa. Safari hiyo huhesabiwa kwa majuma. Aliyefika kwa mashua hakuna aliyemwuliza habari ya saa moja.

Binti alifika nyumbani kwa pikipiki. Mama yake alikuwa hai bado, ila hakusema tena. Alimshika mkono tu, akafariki usiku ule. Kesho yake binti alitaka kujua kwa nini mamaye alikuwa na machozi. Ilitubidi tumweleze hesabu yetu.