Imani ya Mpakani

Utotoni hapa Tunduma, Mungu kwangu alikuwa wa bibi: Mmoraviani, mkali, ati anahesabu waliosinzia ibadani. Wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Bibi aliwasimulia kana kwamba walikuja juzi.

Nikiwa sekondari mama aliugua. Tuliomba, akafa. Mwaka mzima sikutia mguu kanisani, na bibi hakunigombeza.

Kilichonirudisha si mahubiri, ndugu msomaji, ni kuukumbuka ule msiba. Wanamwanga wenzetu walivuka kutoka Nakonde, Zambia: Wakatoliki, walokole. Jirani Mwislamu akachimba kaburi. Hawakunieleza kwa nini mama alikufa; walipika, wakalala chini nasi.

Jibu sina hadi leo. Lakini msiba ukitokea mtaani nabeba kuni, na Jumapili nakaa benchi alilokalia bibi.