Siku 37 za Mfiwa

Huzuni haina kabila wala cheo. Huingia katika nyumba ya bati kama iingiavyo katika jumba la ghorofa, na kila iingiapo hubadili kipimo cha vitu: usiku huwa mrefu, chakula huwa kichungu, na njia iliyokuwa fupi huwa safari. Watu wengi huizungumza kama adui wa kufukuzwa kwa siku moja. Mimi naiona huzuni ya msiba kuwa ni kazi ambayo moyo hauna budi kuifanya. Desturi zetu zimeupa moyo wasaidizi wengi wa kazi hiyo, lakini wasaidizi hao huondoka mapema, na hapo ndipo penye hatari.

Tuanze na lugha, kwa sababu lugha ni ghala ya mambo ambayo watu wamekwisha kuyapitia. Katika Temeke na Kinondoni, mtu aliyezidiwa na hofu au majonzi husemwa kwamba "ana mawazo". Kila mwenye akili ana mawazo. Lakini neno hili likisemwa kwa sauti ya chini, wasikiaji huelewa kwamba mawazo hayo hayamtumikii tena mwenyewe, bali yeye ndiye anayeyatumikia. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, ambalo maana yake ni kufikiri kupita kiasi. Watu wawili wasiojuana wameona jambo moja: majonzi hushika kichwa, lakini huvunja mwili. Asiyelala hupoteza hamu ya kula. Asiyekula hupoteza nguvu ya kutoka. Asiyetoka hubaki na mawazo yake, na mawazo humnyima usingizi. Mduara huu sharti ukatwe mahali fulani, na aghalabu ni rahisi kuukata upande wa mwili kuliko upande wa mawazo.

Katika vitongoji vya Dar es Salaam msiba una hesabu yake. Mtu akifa, turubai hufungwa uwanjani au hata katikati ya njia; mikeka hutandikwa kwa wanawake, na viti hupangwa kwa wanaume. Matanga hukaa siku 3. Waislamu husoma hitima. Wakristo hukesha kwa nyimbo na sala. Kisha hesabu huruka mpaka siku ya 40, ambayo hukumbukwa katika nyumba nyingi za dini zote mbili. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi 4 na siku 10. Hesabu hii ina hekima, kwa kuwa humwambia mfiwa kwamba majonzi yana mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Lakini baina ya siku ya 3 na kisomo cha arobaini zimo siku 37 ambazo hazina jina, hazina turubai, wala hazina wageni.

Siku 3 za kwanza si siku za kuogopwa sana. Katika siku hizo mfiwa haachwi peke yake hata kwa nusu saa. Wengine humpikia, wengine humkogea watoto wake, na akilia hulia kati ya watu wanaolia. Tena pana dawa moja ya ajabu ambayo mgeni hawezi kuielewa mara moja, nayo ni utani.

Mama yangu alifariki nyumbani kwetu Mtoni, katika Temeke. Sisi ni Wazaramo, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu zama za misafara iliyoshuka kutoka bara mpaka pwani. Siku ya pili ya matanga alifika mzee mmoja Mnyamwezi, akajifunga kanga ya marehemu, akatwaa ufagio, akaanza kuwafokea waombolezaji kwa sauti ya mama yangu kwa kuwa waliingia sebuleni na viatu. Kila mwenye viatu alitozwa faini. Baba yangu, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu maziko, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Na hayo yalikuwa machozi ya kwanza tuliyoyaona kwake. Baadaye aliomba uji.

Wanazuoni wamelichungua jambo hili. A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kwamba utani ni ruhusa ya kumkosea mtu heshima bila ya yeye kukasirika, na R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka iyo hiyo. Kwa mfiwa maana yake iko wazi zaidi. Mtani humrudisha marehemu kwa nukta chache, si kama maiti, bali kama mtu mwenye kelele na tabia zake. Naye huufungua mlango ambao heshima ya watu wengine wote imeufunga. Kicheko na kilio hutoka katika kifua kimoja, na kifua kilichofunguka kwa kimoja huweza kukitoa cha pili.

Siku ya nne turubai lilishushwa. Viti vilirudi kwa mkodishaji, masufuria makubwa yalirudi kwa wenyewe, na jamaa wa Kisarawe walipanda gari. Asubuhi ile nyumba yetu ilikuwa kubwa kuliko ilivyokuwa jana. Sikuwa nalia, nilikuwa nimekaa kitandani nikitazama ukuta, na sikuona sababu ya kutazama kitu kingine.

Jirani yetu, bibi mmoja mpika vitumbua, alibisha hodi kabla ya jua kuchomoza.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Sikuja kutoa pole. Pole nimekwisha kutoa. Nimekuja kuazima mikono. Ndoo zangu ziko bombani, na mgongo wangu leo haunitii."

Nilibeba ndoo. Kesho yake alikuja tena, na kesho kutwa vile vile. Baada ya ndoo nilipewa nazi za kukuna, na baada ya nazi nilipewa moto wa kuchochea. Siku ya saba nilimwuliza kama mgongo wake ulikuwa haujapona bado. Alinijibu bila ya kuinua macho kutoka katika kikaango chake: "Mgongo wangu mzima. Moyo wako umefiwa, mjukuu wangu. Mikono yako haikufiwa. Mbona unailaza?"

Bibi yule hakusoma vitabu vya utabibu, lakini katika kazi yake mlikuwa na mambo manne ambayo matabibu huyasifu. La kwanza ni kuamka saa ile ile kila siku, maana usingizi uliovurugika hurudi kwa utaratibu, haurudi kwa kubembelezwa. La pili ni nuru ya asubuhi, ambayo huuambia mwili kwamba mchana umeanza. La tatu ni mwendo na jasho. La nne, nalo pengine ni kubwa kuliko yote, ni kujua kwamba yupo mtu anayekungoja. Kuhusu mwendo na jasho, mwaka 2024 jarida la utabibu la Uingereza liitwalo BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio 218 yaliyokuwa na washiriki zaidi ya 14,000, na ilionekana kwamba kutembea, kukimbia polepole na kunyanyua vitu vizito huwapunguzia watu sonona. Mtu wa Temeke hana haja ya ukumbi wa mazoezi. Ndoo mbili za maji ni mzigo, na barabara haina kiingilio.

Baba yangu alichagua barabara. Kila jioni, jua lilipopoa, alitembea kando ya Barabara ya Kilwa kuelekea mjini, kisha akageuka. Hakuwa anakwenda mahali. Alisema kwamba mawazo yaliyomkalia kifuani chumbani yalihama yakawa miguuni, na miguuni yalibebeka. Aliporudi alipita barazani penye mwuza kahawa, akanywa vikombe viwili pamoja na kashata, akatazama bao likichezwa. Wazee wale hawakumwuliza habari ya moyo wake. Walimwuliza kete ipi ingefaa kuchezwa. Lakini jioni moja, bila ya kuulizwa, alianza kusimulia jinsi alivyomposa mama yangu, na mchezo ulisimama mpaka akamaliza.

Thamani ya kikao cha namna hiyo imepimwa pia. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaani namna ya kumsikiliza mtu mwenye kufungisisa, wakiwa wamekaa naye juu ya benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi hao hawagawi dawa. Humsaidia mtu kuyataja matatizo yake, kuchagua moja, na kutafuta hatua ya kulikabili. Jaribio lililofanywa katika zahanati 24 kwa watu 573, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa katika mabenchi hayo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata matibabu ya kawaida. Sisi tuna mabaraza tangu zamani. Tulichopungukiwa ni kukumbuka kwamba baraza ni mahali pa kusikiliza pia, wala si mahali pa siasa na mpira peke yake.

Na asiyeweza kusema barazani anayo kalamu. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina, alitunga shairi lenye jina hilo hilo. Majonzi yaliyokuwa hayana umbo aliyapa vina na mizani, na kitu chenye mizani huweza kubebwa. Si lazima mfiwa awe mshairi. Barua kwa marehemu, hata isiyosomwa na mtu, hufanya kazi iyo hiyo.

Mpaka hapa nimesifu njia za asili, nami nazisifu kwa dhati. Lakini sifa isiyo na mpaka ni udanganyifu. Kaka yangu alirudi katika chumba alichopanga Mwananyamala, katika Kinondoni. Huko hakuwa na bibi wa vitumbua wala baraza. Majirani zake walikuwa wapangaji, kila mmoja na mlango wake na saa zake za kazi. Tulimtembelea, tukamtoa kwa matembezi ufukoni Coco, tukamsalia, tukamtania. Hakuna kilichomgusa. Wiki ya tatu aliacha kuoga na kwenda kazini, akaanza kusema kwamba haoni faida ya kuendelea kuishi. Siku aliyosema neno hilo, siku hiyo hiyo, baba alimpeleka hospitali. Daktari alimsikiliza kwa saa nzima, akampa dawa, akampangia siku za kurudi kwa mazungumzo. Ilichukua miezi. Leo kaka yangu yu kazini, naye hutaja jina la mama bila ya kutetemeka.

Basi tujifunze kupambanua. Sigmund Freud aliandika mwaka 1917 kwamba maombolezo, ijapokuwa humbadilisha mtu sana, hayahesabiwi kuwa ugonjwa wa kupelekwa kwa tabibu. Neno hilo ni la kweli kwa wafiwa walio wengi, wala si la kweli kwa wote. Mfiwa wa kawaida hupandwa na huzuni kama maji ya bahari: hujaa, kisha hupwa, na katika kupwa kwake mtu hula, husema, hata hucheka. Mwenye sonona hana maji kupwa. Kiza kikidumu karibu kila siku kwa wiki 2, pamoja na kukosa usingizi, hamu na matumaini, ni wakati wa kumwona daktari. Tangu mwaka 2022 uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unatambua pia maombolezo yaliyorefuka, yaani yale yanayozidi miezi 6 na kupita kadiri ya desturi za jamii, huku yakimzuia mtu kuishi. Ama anayenena habari ya kujiua, huyo asingojewe wiki wala siku, wala asiachwe peke yake.

Wapo pia wauzao mizizi na unga wakiapa kwamba kitu cha asili hakina madhara. Huko Ulaya upo mmea uitwao Hypericum perforatum, unaotumiwa kwa sonona. Nao umethibitika kupunguza nguvu ya dawa nyingine, zikiwemo baadhi ya dawa za VVU. Kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru, na daktari anastahili kuambiwa kila kinachonywewa. Gongo pia hutokana na vitu vya asili, lakini hulaza kwa saa mbili na kuamsha kwa majuto.

Mji wetu unabadilika. Siku hizi taarifa ya msiba hufika kwa simu, mchango hutumwa kwa simu, na pole huandikwa kwa simu. Na mwenye kutuma huhisi kwamba amekwisha maliza wajibu wake. Silaumu mchango, kwa kuwa sanda na mchele hununuliwa. Lakini fedha haziwezi kubisha hodi alfajiri. Ninachowaomba wasomaji wangu, hasa vijana wa chuo wanaoishi katika vyumba vya kupanga kama kaka yangu, ni jambo dogo. Ukitoka matangani, chagua siku moja katika zile 37 na uitie alama. Siku hiyo nenda kwa mfiwa, wala usiende na maneno mengi. Nenda na nazi ya kukuna, au nguo za kufua, au safari ya sokoni Tandika isiyoweza kufanywa na mtu mmoja, umwombe akusaidie. Ukimkuta hawezi kuinuka, na siku ya pili hawezi, na ya tatu hawezi, umshike mkono mwende pamoja kwa daktari.