Rejeta Ndogo ya Gari la Parokia



Msafiri anayepita Nakapanya kwa basi, akitoka Masasi kwenda Tunduru na Songea, huona lami safi na mikorosho pande zote mbili. Asichokiona ni njia zinazochepuka kuelekea kusini, upande wa Mto Ruvuma, ambako vigango vyetu viko. Kiangazi njia hizo ni mchanga mzito. Masika, kuanzia Desemba hadi Aprili, ni tope linaloshika gurudumu hadi katikati.

Mimi ni dereva wa parokia, na ndiye fundi wa gari lake. Ufundi nilijifunzia Peramiho, mahali ambapo Wabenediktini waliofika mwaka 1898 walijenga karakana sambamba na kanisa, kwa kuwa kwao sala na kazi haviachani. Gari letu ni Toyota Land Cruiser Prado la zamani, la otomatiki, lililonunuliwa likiwa limeshatumika. Linabeba Padre na vyombo vya Misa, linabeba saruji na mahindi, linabeba wagonjwa, na mara nyingine linabeba marehemu.

Nataka kueleza kuhusu kifaa kidogo tulichofunga kwenye gari hili, kwa sababu kilizua mabishano ya imani katika halmashauri yetu, na mabishano yale yalinifundisha.

Gari la otomatiki halina klachi ya mguu. Kati ya injini na gia kuna chombo cha mviringo kilichojaa oili. Injini huisukuma oili, na oili huzungusha gia. Kwenye lami hilo ni jambo jepesi. Kwenye tope, gari linapokwenda mwendo wa mtu mzee huku injini inanguruma, oili hukorogwa sana na gari husogea kidogo, na nguvu yote inayopotea hapo hugeuka joto. Oili hiyo hufanya kazi vizuri ikiwa kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi za Selsiasi. Ikivuka 120 huanza kuharibika haraka. Mafundi tuna kanuni yetu: kila nyuzi kumi zinazozidi, maisha ya oili hupungua kwa nusu. Oili nzima ni nyekundu. Iliyoungua huwa ya kahawia na hunuka kama ukoko ulioungulia sufuriani. Ukiisikia harufu hiyo, gia boksi imekwisha kuumia.

Kiwandani waliliona hilo, wakapitisha oili ndani ya rejeta ya maji ili ipoe. Lakini maji yenyewe ya injini iliyofanya kazi hukaribia nyuzi 90, hivyo hayawezi kuipoza oili chini sana ya hapo. Kwa barabara za Japani inatosha. Kwa njia ya kwenda Ruvuma mwezi Februari haitoshi.

Masika ya mwaka uliotangulia nilikuwa namleta mtoto mwenye homa kali na degedege kutoka kigango cha mbali. Katikati ya tope taa ya joto la oili ya gia boksi ikawaka kwenye dashibodi. Taa hiyo ikiwaka, unasimama, unaweka gia huru na kuiacha injini inanguruma taratibu, maana ukizima, pampu ya gia boksi nayo inasimama na oili haizunguki. Tukasimama. Dakika ishirini na tano. Mama wa mtoto aliniuliza mara tatu, “Baba, mbona hatuendi?” Nilimweleza, lakini maelezo ya oili hayaingii kwenye masikio ya mama aliyepakata mtoto anayetetemeka. Mtoto alifika, akatibiwa, akapona, tukamshukuru Mungu. Zile dakika ishirini na tano sikuzisahau.

Baada ya msimu wa korosho, jumuiya zilipoleta michango, niliomba halmashauri inunue rejeta ndogo ya oili, inayofungwa mbele ili ipigwe na upepo. Bei yake ilikuwa sawa na bati kumi na mbili, na bati hizo zilikuwa zimeahidiwa kigango kinachosali chini ya nyasi. Katekista wetu mzee, ambaye wote tunamwita Babu, alisimama.

“Mwanangu,” alisema, “mwaka jana hatukuwa na kidude hicho, na Mungu alituvusha. Leo tunataka kumwamini Mungu au kumwamini chuma?”

Watu walinyamaza. Babu si mtu wa maneno mepesi. Ameitumikia parokia hii kwa miguu na kwa baiskeli kabla jimbo letu la Tunduru-Masasi halijaundwa mwaka 1986. Nilimjibu, “Shikamoo Babu. Mungu alituvusha kweli. Naogopa tu kumjaribu kila masika.” Mama mmoja wa WAWATA akaongeza, “Bati linasubiri. Mgonjwa hasubiri.”

Padre hakuamua siku ile. Alituomba tusome nyumbani sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka, tukutane tena wiki ijayo. Mnakumbuka habari yenyewe: Musa anakaa kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, na mkwewe Yethro anamwona. Yethro hamwambii Musa aongeze sala, wala hamwambii kwamba imani yake ni haba. Anamwonya kuwa kazi ile itamchosha yeye na watu pia, na anamshauri achague wasaidizi wa kubeba sehemu ya mzigo. Musa, aliyesema na Mungu mlimani, anamsikiliza baba mkwe. Tuliporudi kikaoni, Babu ndiye aliyesema kwanza: “Nunueni.” Tulikubaliana pia kwamba bati za kigango zitakuwa za kwanza katika michango itakayofuata, na ikawa hivyo.

Rejeta ilinunuliwa Kariakoo, ikaja kwa basi. Tuliifunga Jumamosi moja, mimi na vijana wawili wa VIWAWA. Tulitoa shoo ya mbele, tukaiweka mbele ya kondensa ya AC, tukaacha nafasi ya upepo katikati. Tuliishika kwa vyuma vilivyofungwa kwenye bodi. Hatukupitisha kitu kwenye mapezi yake, maana gari likitikisika yangetoboka. Kisha tukatafuta mrija wa kurudi. Nilichomoa mpira mmoja kwenye rejeta kubwa, nikaweka kopo, kijana akawasha injini sekunde mbili na kuzima. Oili ilitoka upande wa rejeta, si upande wa mpira. Basi huo ndio wa kurudi. Tukaunganisha hapo, ili oili ipite kwanza rejeta kubwa, kisha ndogo, ndipo irudi kwenye gia boksi. Tulitumia mipira ya oili ya moto, si ya maji, tukaikaza kwa klipu na kuiweka mbali na ekzosi. Mwisho tukaongeza oili, tukapitisha gia zote, tukapima kwa kijiti gari likiwa tambarare na injini inawaka.

Masika yalipokuja tulikwama kama kawaida na tukasukumwa kama kawaida. Rejeta ndogo haiongezi nguvu wala haikaushi tope. Lakini taa ile haikuwaka hata mara moja. Hakuna aliyetoa ushuhuda kanisani juu yake, maana nani atashuhudia taa ambayo haikuwaka? Wagonjwa walifika, wakashuka, wakaenda zao. Tangu hapo, katika sala zangu za jioni, naomba neema ya kushukuru pia kwa mabaya yaliyopita mbali bila kujitambulisha.

Mwaka ule ule Babu alianza kukohoa na kusahau ratiba. Alikuwa akihudumia vigango vinne peke yake, kila Jumapili na kila msiba. Safari hii ni yeye aliyekuwa akichemka, na sisi tuliokuwa ndani tukiendelea na safari. Halmashauri ikamteulia wasaidizi wawili. Alikataa kwa wiki mbili. Kisha alinijia gereji akiwa amechoka, akakaa juu ya tairi, akaniuliza, “Hiyo rejeta yako, gari lililalamika ulipoifunga?” Nikamwambia halikulalamika. Akacheka. Jumapili iliyofuata msaidizi mmoja aliongoza ibada, na Babu alikaa benchi la tatu pamoja na mkewe, jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kuliona.

Ndugu zangu, kabla ya masika kila mwenye gari hupima oili. Katika jumuiya yako angalia pia nani anabeba kuliko wengine: mama anayeuguza peke yake, mwalimu wa kwaya, mlezi wa yatima, Padre mwenyewe. Usingoje taa iwake. Mwendee wiki hii, umuulize ni sehemu gani ya mzigo unaweza kuichukua, halafu uichukue.